Mdogo Wangu wa Igawa Alikuwa na Visigino Kama Vyangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana huko mbele kuna mahali utanionea huruma, na sitaki unionee huruma kabla hujajua mimi ni mtu wa namna gani. Nilisalitiwa, ndiyo! Tena na watu walionilea. Lakini nililomfanyia mwenzangu baada ya hapo ni baya kuliko nililofanyiwa.

Jina langu liache. Mimi ni fundi wa kupaka rangi magari hapa Mbeya, naishi mtaa wa Soweto na mke wangu na watoto wawili. Kwetu ni Ilula, kule Iringa, tunakolima nyanya na vitunguu. Mchungaji wangu nimeshindwa kumwambia haya. Kila nikimsogelea namuuliza habari za kwaya, kisha narudi nyumbani. Basi nakwambia wewe usiyenijua.

Nianze na majivuno yangu, kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha kitandani.

Baba yangu amepita miaka themanini na bado anashika jembe. Babu alikufa akiwa hana jino hata moja, na hata hivyo alikufa akigombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa nasema gereji kwa sauti kubwa: kwetu watu hawafi kwa magonjwa, wanakufa kwa kuchoka kuishi! Wenzangu wanacheka. Jumamosi tunakula kitimoto chenye mafuta yanayochuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mimi ndiye naagiza sahani nyingine.

Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na mdomo wake hauna breki. Alikuwa ananiambia, "Baba Rehema, nenda kapime. Wenzako wote wanapima presha."

"Wapime wenye koo mbovu," namjibu.

Jamani, mdomo!

Siku yenyewe nilikuwa napiga msasa mlango wa gari la mteja. Kifua kikabana kama mtu kaniwekea gunia la vitunguu halafu akakaa juu yake. Maumivu yakapanda mpaka kwenye taya, mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho la baridi likanitoka. Unajua nilifanya nini? Nikasema ni gesi! Nikaagiza soda, nikakaa juu ya tairi nikisubiri kutoa mbweu.

Mungu alimtuma Mama Rehema na chakula cha mchana. Akanikuta midomo imebadilika rangi. Akapiga kelele gereji nzima ikasimama. "Mtu anakufa hapa na nyie mnamtazama!" Nilipelekwa hospitali kwa gari lilelile la mteja, upande mmoja rangi, upande mwingine bati tupu.

Nilipona. Mshtuko wa moyo, wakasema. Nilikuwa na miaka arobaini tu, na nilimuona mke wangu akilia kimya kwa mara ya kwanza tangu tuoane, yeye ambaye hata kicheko chake kinasikika mtaa wa pili.

Nilipoanza kukaa kitandani, daktari alikuja. Dada mdogo, mpole, anaongea taratibu. Akaniuliza, "Kaka, kwenu nani alikufa ghafla akiwa bado kijana?"

"Hakuna."

"Baba mdogo? Mjomba? Fikiria vizuri."

"Daktari, baba yangu mzazi analima vitunguu mpaka leo."

Hakubishana. Alifunua shuka akashika visigino vyangu. Nyuma ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene unaopanda juu ya mguu, nina manundu magumu. Ninayo tangu ujana. Nilijua ni kazi ya buti. Akayabonyeza, akanitazama, akasema, "Haya ni mafuta, kaka. Na damu yako imejaa mafuta hayohayo. Haya hukuyala tu. Umezaliwa nayo."

Akanieleza kwa maneno ambayo hata mimi wa darasa la saba niliyashika. Kila mtu ana vinasaba, ndiyo maelekezo ya mwili ambayo nusu anapewa na baba na nusu na mama. Watu hatufanani kwenye maelekezo hayo, ndiyo maana mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kwangu kuna elekezo moja lililo tofauti, la kuliambia ini livute mafuta kutoka kwenye damu. Ini langu halivuti inavyotakiwa. Mafuta yanabaki yanazunguka, yanajibandika kwenye mishipa ya moyo, mwaka hata mwaka, tangu nikiwa mtoto.

"Kitimoto kimeongeza, siwezi kukudanganya," alisema. "Lakini hata ungekula mchicha maisha yako yote, bado ungehitaji dawa. Na dawa ipo. Vidonge vya kila siku. Mtu akijua mapema anazeeka kama wengine."

Kisha akasema neno ambalo nakuomba ulishike, kwa sababu mimi nilikuja kulifukia. "Mwenye hali hii, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Na wewe karibu bila shaka umeipata kwa mmoja wa wazazi wako. Wapime wote. Wazazi, ndugu, watoto wako. Yeyote mwenye damu yako unayemfahamu, mwambie. Usimwache mtu."

Watoto wangu wakapimwa. Rehema anayo. Mdogo wake hana. Rehema alikunja uso akaniuliza kama ataacha kucheza netiboli, nikamwambia hapana, tutakunywa dawa wote wawili. Nilimshukuru Mungu kwamba tumejua mapema.

Wazazi na dada zangu wawili wakapimwa Iringa. Majibu yakaletwa kwa daktari. Baba safi. Mama safi. Dada zangu safi.

Daktari aliyasoma akayarudia. Kisha akayaweka chini, akatazama dirishani. "Kaka, hutokea mara chache sana hali hii ikaanza kwa mtu mwenyewe. Lakini kabla sijaandika hivyo, nakuomba ukaongee na mama yako. Muongee wawili tu. Na uende taratibu, moyo wako bado unapona."

Sikumuuliza ana maana gani. Nilikuwa nimeshaelewa kabla sijafika mlangoni.

Nikapanda basi kwenda Ilula, nikamkuta mama uani anachambua maharage kwenye ungo. "Kamwene, mama." "Kamwene, mwanangu. Mbona hukusema unakuja?" Sikukaa hata kwenye kigoda. Nikamuuliza, "Mama, baba yangu ni nani?"

Laiti angekataa! Laiti angenitukana! Alinitazama tu, akasema, "Nani kakwambia? Shangazi yako?"

Kumbe shangazi anajua!

Akasimulia macho yakiwa kwenye maharage. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi, akakaa huko muda mrefu. Pale kijijini akaja fundi mwashi kujenga shule. Baba aliporudi alimkuta mama ana mimba. Wazee wakakaa, yule fundi akatozwa faini ya ng'ombe, akahama. Baba akasema mbele ya wote: mtoto atakayezaliwa ni wangu, na atakayemwambia vingine atanijua mimi ni nani.

Na wote wakanyamaza. Dada zangu walijua. Majirani walijua. Mzee wa kanisa aliyenifundisha kipaimara alijua! Nimekula nao, nimecheza ngoma kwenye harusi zao, nimebeba majeneza yao. Wananitazama kijana mzima najisifu damu ya babu, na hakuna hata mmoja aliyekohoa! Nilijisikia kama mtu aliyetembea mtaani siku nzima suruali imechanika nyuma.

Halafu likaja la figo.

Sisi Wahehe kila ukoo una kitu chake ambacho hauli. Ni mwiko, unaupata kwa baba. Ukoo wa baba hauli njiwa. Lakini mama tangu nikiwa mdogo alikuwa ananitolea figo kwenye sahani. Mbuzi akichinjwa, dada zangu wanakula, mimi naambiwa figo zinakutoa upele. Nilikua hivyo, na miiko miwili, njiwa na figo. Nilidhani mama ananidekeza tu kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kiume.

"Ule ulikuwa mwiko wa baba yako yule," mama akasema. "Ungekula ungedhurika. Nisingeweza kukwambia, lakini nilikulinda, mwanangu. Hata siku moja hukula."

"Figo, mama? Ulinilinda na figo?"

"Ningefanya nini?"

"Yule fundi yuko hai?"

"Alianguka akafa kwenye jaruba la mpunga, huko Usangu alikohamia. Hata mvi hakuwa nazo. Na kaka yake aliondoka hivyohivyo kabla yake. Watu walisema wamerogwa."

Sikia! Alijua! Alijua wanaume wa damu yangu wanaanguka wakiwa vijana, naye akaona cha kunikinga nacho ni kipande cha figo! Mimi nanyonya mafuta ya nguruwe, najigamba ukoo wangu hauna ugonjwa, na mama yangu yuko kimya anachambua maharage! Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake, na hapa siyaandiki.

Alifuta macho na pembe ya kitenge, akasema, "Kuna mtoto aliyemzaa huko Usangu. Anaitwa Festo, nasikia anauza mchele pale Igawa barabarani. Kama ugonjwa ni wa ukoo, mwanangu, nenda ukamwambie na mwenzako."

Hapo ndipo nilipowaka kabisa. Mtoto wa watu kamfikiria kwa dakika moja, na mimi alininyamazia maisha yangu yote! Nikaondoka bila kula. Njiani nilikutana na baba anatoka shambani, jembe begani. Akasimama, akasema, "Mwanangu." Nikampita kama mtu nisiyemfahamu. Mzee yule alikuwa amenipenda bila kulazimishwa na damu, nami nikampita.

Nililala Makambako, na asubuhi yake nikashuka Igawa. Sijui nilitaka nini, labda kumuona tu huyu aliyelelewa na baba yangu.

Sikuhitaji kuuliza. Kijana mmoja mnene wa mabega alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anafunga gunia, miguuni kandambili. Visigino vyake vilikuwa vyangu! Manundu yaleyale, mahali palepale. Nilisimama nikivitazama kama mjinga.

Akageuka. "Karibu mzee! Mchele wa Mbarali huu, haujachanganywa na mtu. Onja hata mbichi!"

Alikuwa mcheshi. Hilo nalo liliniudhi. Nikanunua kidogo, akaniambia hawezi kumwacha mteja wa kwanza aende na njaa, twende kwa mama wa supu. Mama wa supu alipochota, Festo akamzuia, "Figo weka pembeni, mama yangu. Kwetu haziliwi." Mwanamke akanigeukia. Ulimi wangu ukajibu kabla yangu, "Na mimi usiniwekee."

Festo akanitazama. Akatabasamu. "Na wewe ni wa kwetu nini?"

Huo ulikuwa mlango. Uliachwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo.

"Hapana," nikasema. "Sizipendi tu."

"Kwani nyumbani wapi?"

"Ilula. Ila nipo Mbeya, napaka rangi magari."

Kijiko chake kilisimama kidogo, kisha akaendelea kunywa. "Ilula kuna nyanya nzuri," akasema. Tangu pale hakuniita mzee tena. Akawa ananiita kaka mkubwa, nami nikadhani ni maneno ya biashara.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuwa na aibu, ndiyo, maana ningemwambia ugonjwa ningelazimika kumwambia nimeujuaje, na ningekuwa mtoto wa nje mbele ya mtoto wa ndani. Lakini aibu ni sehemu ndogo. Ukweli wenyewe ni kwamba nilimwonea kijicho. Yeye alimjua baba yetu. Alibebwa naye mabegani. Moyo wangu ukasema: mimi nilifichwa mpaka nikaanguka, kwa nini yeye aandaliwe njia? Nilisema hivyo kwa maneno yaleyale, mimi ambaye mwanangu Rehema alikuwa tayari anakunywa dawa.

Niliporudi nilimsimulia Mama Rehema habari za mama na za Festo, akaniuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema ataenda kupima."

Nilimdanganya mke wangu akiwa ananikabidhi maji ya kumezea vidonge vyangu.

Kuanzia pale kila nikipata safari ya kufuata vifaa Makambako nasimama Igawa. Nilimzoea Festo. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniua. Ananisimulia habari za mke wake, binti yake Upendo, skimu ya maji, bei za walanguzi. Anacheka kwa nguvu mpaka anajipiga paja. Nikajikuta na mimi nina kicheko hichohicho, na najipiga paja hivyohivyo.

Siku moja aliinua gunia kulipandisha kwenye lori, akalishusha katikati ya njia. Akashika kifua. Nikasimama.

"Vipi?"

"Gesi tu, kaka mkubwa. Nikinywa soda inatoka."

Maneno yangu mwenyewe! Yaleyale niliyosema nimekaa juu ya tairi! Mungu aliniletea maneno yangu mdomoni mwa mtu mwingine, niyasikie vizuri. Nami nikasema nini?

"Punguza kula jioni," nikasema.

Punguza kula jioni!

Wakati wa mavuno alinitolea gunia alilolificha nyuma ya yale ya kuuza. "Huu siuzi. Huu umetoka kwenye jaruba la marehemu mzee. Wapelekee watoto." Alisimama akinitazama usoni, amekunja mikono, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Niliuona ule mtazamo. Nilisema asante, nikawasha gari.

Wali ule tuliula. Ulinukia nyumba nzima. Rehema aliomba nyongeza.

Niliporudi Igawa, meza yake ilikuwa tupu, imefunikwa turubai. Mama wa supu aliponiona aliweka mikono kichwani. Festo ameanguka akipakia mchele, akafa palepale kabla hawajamfikisha hospitali. Wamemzika jana.

Miguu ilinipeleka nyumbani kwake sijui vipi. Watu walikuwa wamekaa uani, wanawake mkekani. Mjane wake nilikuwa sijawahi kumuona. Aliponiona nikiingia getini alisimama, akanijia moja kwa moja, akanishika mikono.

"Shemeji, umekuja," akasema.

Shemeji!

"Umesemaje?"

"Shemeji. Festo alinieleza. Mama yake kabla hajafa alimwambia kuna mkubwa wake Ilula. Siku ile uliyokataa figo kwa mama wa supu, alirudi hapa anacheka peke yake kama mwehu. Akasema amekuja, mke wangu, kaka yangu amekuja mwenyewe! Nikamwambia si umuulize. Akasema hapana, yule ni mkubwa, mdogo hamuanzi. Atasema mwenyewe siku yake."

Nililia pale wima, jitu zima. Watu wakadhani ni uchungu wa msiba tu. Yaani alijua! Hakunidharau, hakuniita mtoto wa nje, alinisubiri kwa heshima, akinipa mchele wa baba yetu ili nipate pa kuanzia. Lakini yeye alikuwa anajua undugu peke yake. Ugonjwa hakuujua. Mimi nilijua vyote viwili.

Wanaume walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Festo amerogwa na mfanyabiashara mwenzake wa mchele, aliyekuwa amekaa hukohuko msibani ameinamisha kichwa. Nikaona sasa mtu asiye na kosa naye atauawa. Nikasimama. Nikawaambia mimi ni nani. Nikavua viatu nikawaonyesha visigino. Nikawaeleza kuhusu marehemu baba yetu, baba yetu mkubwa, mimi mwenyewe na Rehema wangu, na kwamba Upendo anatakiwa kupimwa upesi.

Mzee mmoja akasema, "Hata mimi nilimuona baba yao akishika kifua."

Mjane wa Festo hakumtazama yule mzee. Alinitazama mimi. "Shemeji, haya uliyajua lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea. "Kabla sijamfahamu Festo," nikasema.

"Siku ya supu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ule mchele wa jaruba?"

"Nilikuwa najua."

"Mkaula?"

"Tuliula."

Akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka naondoka.

Nyumbani mke wangu aliposikia yote, hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Mama yako alikuficha wewe kwa sababu hakujua la kufanya. Wewe ulijua la kufanya, Baba Rehema." Akaenda kulala chumba cha watoto.

Na mama je? Anapiga simu, naangalia inaita mpaka inakata. Bado nina hasira naye, sifichi. Alinisaliti, na kijiji kizima kilinisaliti, na hakuna daktari atakayeniambia vingine. Ila nikitaka kumwambia neno kali, naona kandambili za Festo, maneno yanakwisha. Baba nilimpigia nikamuomba radhi kwa kumpita njiani. Akaniuliza kama nakunywa dawa, basi.

Upendo aliletwa Mbeya kupimwa. Mama yake alimleta mwenyewe, akakataa kufikia kwangu. Tulikaa benchi moja, mtoto katikati yetu, ananiita baba mkubwa, ananiuliza kama gari linaweza kupakwa rangi ya pinki. Nesi akaja na maswali yale ninayoyajua kwa moyo. "Kwenye ukoo wa baba kuna aliyewahi kufa ghafla akiwa kijana?"

Mjane wa Festo akaninyooshea kidole bila kugeuza shingo. "Muulize huyu. Yeye ndiye aliyekuwa anajua."

Upendo anayo. Ameanza matibabu, na daktari anasema amewahi. Mama yake hajanisalimia mpaka leo.

Ndugu unayesoma, kama kwenu watu wanaanguka vijana, acha kutafuta mchawi, nenda kapime damu yako na za wanao. Kama umezaa mtoto ambaye baba yake si yule anayemjua, tafuta namna ya kumwambia yuko kwenye damu ipi, hata kama utatukanwa, maana mwiko wa figo haumsaidii kitu. Na kama umeshaambiwa lolote linalomhusu ndugu yako, usingoje hasira iishe ndipo useme. Mwambie ukiwa na hasira hivyohivyo! Mdogo wako huenda anajua wewe ni nani, na anakungoja uanze kwa sababu wewe ni mkubwa. Anza.